Hoteli Ambako Jogoo Hasikiki

Kaka yangu mkubwa ana cheo katika ofisi moja huko Dodoma, na tangu apate kile cheo hawezi kununua hata fungu la mchicha bila kikao. Kwa hiyo mama alipokaribia kutoka eda, kaka hakumuuliza anataka nini. Alifungua kundi kwenye simu, akalipa jina la "Mapumziko ya Mama", akaniingiza mimi niliye Dar es Salaam na mdogo wetu wa kike aliye Arusha, akajiteua mwenyekiti, akatuma ajenda. Mama mwenyewe hakuingizwa. Kaka alieleza kwamba mlengwa hahusishwi katika hatua za awali.

Ajenda ilikuwa moja: kumtafutia mama hoteli ya ufukweni, ya hadhi na iliyo tulivu, akae siku chache apumzike. Neno "tulivu" lilipigiwa mstari.

Lazima nieleze mama alikuwa apumzike kutokana na nini. Baba alifariki wakati wa masika. Alikuwa amelazwa hospitali, na mama alikuwa amerudi mara moja nyumbani kwetu Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi, ili abadilishe nguo na kumpikia mgonjwa uji. Kwetu mtu haambiwi msiba wake usoni. Walikuja wanawake wa mtaani mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake, huyu kaja kuazima kinu, yule kapita tu kusalimia, wakakaa mkekani, wakamshurutisha mama anywe chai, wakazungumza kwa sauti za chini kuhusu mvua. Mama alipouliza habari za mgonjwa akaambiwa hajambo, wewe kunywa chai kwanza. Alipomaliza kikombe ndipo mjomba akaingia na kusema. Mimi nilipigiwa simu nikaambiwa baba kazidiwa kidogo, njoo, na njiani nikamnunulia mzee machungwa. Watu wote waliokuja kunipokea walijua, isipokuwa mimi na machungwa yangu.

Basi mama akakaa eda kama dini inavyotaka, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ile ile, bila wanja, bila hina, bila manukato, bila kutoka. Mtaa wetu ukaongeza na la kwake, kwamba mjane hapazi sauti. Anayemfahamu mama yangu atajua kwamba hilo la mwisho ndilo lilikuwa adhabu. Mama ndiye anayeitwa kusimamia masufuria ya harusi. Akiwa jikoni anasikika hadi walipokaa maharusi, na akipiga kigelegele watu wa mtaa wa pili wanaulizana nani kaolewa leo. Nilipokuwa binti nilikuwa nikiona aibu kutembea naye sokoni, kwa sababu alikuwa akisalimiana na mtu aliye ng'ambo ya barabara kana kwamba wako chumba kimoja.

Sasa kila nilipompigia simu, sauti ilikuwa imeshuka kidogo kuliko mara iliyopita. Mwanzoni nilidhani ni mtandao. Baadaye nikawa nabana simu sikioni kwa nguvu, nikisema mama, sikusikii, naye anajibu jambo kutoka mbali sana. Nasema wazi kwamba niliogopa. Niliogopa kwamba baba ameondoka na ile sauti, na kwamba eda itakwisha, mama atatoka, na sauti haitatoka naye.

Niliiambia kamati. Kamati ikakaa, ikatafakari, ikatoa uamuzi kwamba mama amechoka na watu. Kaka aliandika kwamba nyumba ya msiba ni kelele tupu, kila mtu anaingia na kutoka, na kwamba mzee wetu anahitaji utulivu wa kiwango cha juu. Mdogo wetu akaunga mkono kwa picha ya mwanamke aliyelala kando ya bwawa la kuogelea, matango yamekatwa duara na kuwekwa juu ya macho yake. Nikauliza mama yetu atafanya nini na matango machoni. Nikaambiwa nisiwe mtu wa kupinga pinga.

Nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshapewa kazi ninayoipenda. Ajira yangu ni kupokea malalamiko ya wateja katika kampuni ambayo sitaitaja, hivyo kaka akanikabidhi kusoma maoni ya wageni waliokwisha kulala katika kila hoteli. Sifa haziniambii kitu. Mtu yeyote anaweza kusifia. Nipe malalamiko, nitakueleza hadi rangi ya mapazia.

Hoteli ya kwanza ilikuwa Kilwa Masoko, na ilikataliwa kabla ya chakula cha mchana. Mgeni mmoja alikuwa ameandika kwa uchungu kwamba kila Jumamosi pana harusi uani, kwamba wanawake walipika nyuma ya dirisha lake tangu asubuhi huku wakicheka, kwamba ngoma haikunyamaza, na kwamba alipotoka kulalamika alipewa sahani ya pilau. Kaka akaandika: Haifai kabisa. Hoteli ya pili ilikuwa na mnada wa samaki chini ya roshani, watoto wa madrasa wanaosoma kwa pamoja, na majogoo. Mgeni alikuwa amewaeleza majogoo kwa kirefu, ungedhani alikuwa na kesi nao. Mdogo wetu akasema hata picha zenyewe zina kamba ya nguo nyuma.

Ya tatu ilikuwa nje ya Masoko, mwisho wa njia ya mchanga, vijumba vya makuti vilivyotengana kiasi kwamba jirani yako ukimhitaji itabidi umwandikie. Nilitafuta malalamiko sana, nikapata moja tu. Mgeni alisema palikuwa kimya mno, na kwamba siku ya pili alianza kuzungumza peke yake. Niliituma kwenye kundi. Kaka akajibu palepale: Hiyo ndiyo. Mdogo wetu akatuma mioyo.

Kisha kaka akatoa waraka. Kwa siku zote za mapumziko simu ya mama izimwe na nikae nayo mimi. Asipigiwe na mtu, wala asiingizwe kwenye mikusanyiko. Mdogo wetu, ambaye ni kitinda mimba na humpigia mama kila siku ya Mungu hata kama hana la kusema, alilalamika. Kaka alimjibu kwamba simu ni kazi kama kazi nyingine, mtu akipigiwa lazima ajibu, akijibu anachoka. Mimi ndiye ningetoa taarifa ya maendeleo. Na mama asiambiwe anakokwenda, ili iwe furaha ya ghafla.

Nilifika Mitwero siku chache baada ya mama kutoka eda. Nyumba ilikuwa bado inanukia udi. Mama alikuwa amepakwa hina na amevaa kanga mpya, lakini alikuwa amekaa mahali pale pale pa eda, kwenye pembe ya mkeka. Nilisema shikamoo mama. Akaitikia marahaba, na ile marahaba ilibidi niinamie kuisikia.

Shoga yake wa nyumba ya pili alikuwepo. Huyu ndiye aliyekuja kila siku wakati wote wa eda, na sasa alikuwa na kazi moja iliyobaki. Mtaani kwetu mjane akishatoka ndani hutembezwa. Shoga yake humchukua wakapita nyumba kwa nyumba kuwashukuru waliokuja msibani, na kila nyumba huwapa kitu cha kutafuna na umbea wote uliomkosa. Ilikuwa waanze siku ileile. Nilipomwambia mama afungashe nguo, tunasafiri, yule mama alisimama.

"Nyie watoto mna wazimu?" aliniuliza. "Mtu katoka ndani juzi tu, hata hajatembezwa, mnakwenda naye wapi?"

"Mahali pazuri, mama. Akapumzike."

"Apumzike na nini? Kwani alikuwa akilima?"

Mama alinitazama mimi, akamtazama shoga yake. Yule alikuwa amekasirika, akageuza uso ukutani. Mama akasema taratibu, "Mnavyoona nyie, mwanangu," akaenda kufunga kifurushi chake.

Njiani, nikiwa kwenye usukani, nilikuwa na raha ya mtu anayetenda wema. Tulipofika Mchinga mama aliomba tusimame kidogo amsalimie binamu yake. Nilikataa kwa upole, kwa kuwa waraka ulikataza mikusanyiko. Nikamwambia tutapita tukirudi. Mbele kidogo akauliza, "Mdogo wako hajambo?" Nikasema hajambo. Nilisema haraka na bila kumtazama, kwa kuwa nilikuwa nakwepa shimo. Akaiomba simu yake. Nikamwambia ninayo mimi, asijali, yeye atulie tu. Tulipofika Nangurukuru akanunua korosho, akazishika mapajani bila kufungua mfuko.

Hoteli ilikuwa kama maoni yalivyosema, bahati mbaya. Kijana wa mapokezi alitupokea mkono wake ukiwa kifuani, akainama, akanong'ona. Wote pale walinong'ona. Nilidhani kuna mtoto amelala. Tulipewa taulo ndogo nyeupe, za baridi, zilizolowekwa kwenye maji yenye harufu ya kutuliza nafsi, na ile harufu mimi niliiona nzuri. Mama alipoisogeza puani alishtuka, akanirudishia. Baadaye nilikuja kukumbuka ilikuwa inanukia nini. Ilikuwa karibu kabisa na karafuu maiti.

Kitanda kilikuwa cheupe, chandarua cheupe, mapazia meupe, na juu ya kitanda palikuwa na majoho mawili meupe ya kuvaa baada ya kuoga. Mama aliyatazama bila kuyagusa. Mlangoni kulining'inia kibao cha kuomba watu wasisumbue. Nilipiga picha, nikatuma kwenye kundi, na kaka akaandika kwamba anaona lengo linafikiwa.

Chakula kililetwa chumbani kwenye sinia, kimefunikwa. Mle ndani palikuwa na sahani kubwa, na katikati ya sahani kipande cha samaki kimekaa peke yake kama abiria aliyeachwa na basi. Mtu aliyezoea kupika kwa sufuria linalobebwa na wanaume wawili alikiangalia kile kipande, akanisogezea. Nikamwambia, "Kula mama, lazima ule upate nguvu." Nasikia ninavyolisema sasa na nataka kujifunika kanga usoni. Akala.

Jioni nilimpeleka mbele ya bahari, ambako wageni walikuwa wamekaa. Walikuwa Wazungu wachache, watu wazima, kila mmoja kwenye kiti chake, mbali na mwenzake, wanatazama maji bila kusema neno. Wengine wamejifunika taulo hadi kifuani. Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Na hawa wote?" akaninong'oneza.

"Nao wamekuja kupumzika, mama. Kama wewe."

Aliitikia kwa kichwa. Akamwendea mama mmoja wa Kizungu, mwenye nywele nyeupe, aliyekuwa peke yake kabisa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana mama," akasema. "Mwenyezi Mungu akutie nguvu." Yule mgeni aliinua uso, macho yake mekundu kwa jua au kwa kitabu alichokuwa akisoma, akatumia Kiswahili chote alichonacho: "Asante. Asante sana." Hawakuachiana mikono kwa muda. Nilisimama pembeni natabasamu, nikiwaza jinsi mama anavyopata marafiki upesi.

Siku iliyofuata alikuwa kimya zaidi. Nilihesabu kwamba utulivu unaingia. Nilitoka nyuma ya kijumba nikampigia kaka kutoa taarifa, na kwa kuwa mahali penyewe ni pa kunong'ona, nikanong'ona. Nikamwambia anakula kidogo, hajauliza mengi, nadhani hajashtukia kitu. Tulikuwa tumepanga kumwambia siku ya mwisho kwamba zawadi ile imetoka kwetu wote watatu. Nilipogeuka niliona pazia linacheza.

Niliporudi ndani nilimkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda. Amevaa buibui lake, viatu vyake, kifurushi kimefungwa na kuwekwa magotini. Tasbihi mkononi. Kikombe kitupu kilikuwa kando yake.

"Njoo ukae, mwanangu," akasema. "Chai nimeshakunywa. Sasa niambie."

"Nikwambie nini, mama?"

"Nimefiwa na nani?"

Nilicheka. Ndicho kitu cha kwanza nilichofanya, nikacheka, halafu nikamwona uso wake.

"Usicheke," akasema kwa ile sauti ndogo. "Mimi si mtoto. Umekuja ghafla, ukanitoa nyumbani, hukutaka nisimame kwa watu. Shoga yangu kaficha uso. Simu yangu umeichukua. Mnaninyamazia, mnanilisha, nimeletwa mahali pa wafiwa, na wewe unanong'ona na kaka yako nyuma ya nyumba. Kaka yako yu hai, nimekusikia unamjibu. Wewe uko hapa." Akapumua. "Ni mdogo wako, siyo? Tangu tutoke Lindi hajanipigia. Yule hawezi kulala bila kunipigia. Niambie tu. Nimejiandaa tangu Mchinga."

Tangu Mchinga. Mimi nilikuwa nakwepa mashimo na kujisifu moyoni, na pembeni yangu mama alikuwa akimzika mwanawe wa mwisho, polepole, kilomita kwa kilomita, na mfuko wa korosho mapajani. Alikuwa ameshafika mahali pa kuuliza sanda. Nilimshika magoti, nikaanza kulia, na kulia kwangu ndiko kulikoharibu kabisa, maana alifumba macho akasema inna lillahi.

"Mzima!" nikapiga kelele. "Mzima, mama, wallahi mzima, yuko Arusha, mzima!"

"Ndivyo tunavyosema," akajibu. Hakuamini. Kwa nini aamini? Alishaambiwa hajambo mara moja, mbele ya kikombe kingine.

Pale kijumbani mtandao haukutosha simu ya picha. Hoteli ya hadhi hujivunia mambo kama hayo. Ulikuwa na nguvu sehemu moja tu, kando ya bwawa, kwa hiyo nilimkokota mama kwa mkono na kifurushi chake, tukapita katikati ya vile viti na wale watu waliojifunika taulo, nami napiga simu ya picha huku nimepoteza kiatu kimoja. Iliita. Iliita tena. Mama alisimama wima kabisa, midomo inatembea bila sauti.

Mdogo wetu akatokea kwenye kioo. Alikuwa saluni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, mdomoni ana mshikaki.

"Mama!" akasema. "Kaka alinikataza ku—"

Hakumaliza. Sijui nitaieleza vipi ile sauti. Iliondoka chini kabisa, mahali ilipokuwa imewekwa tangu siku ya baba, ikapanda, ikatoka.

"WEWE MTOTO MPUMBAVU! UNAKULA? MIMI NAKUOMBOLEZA, WEWE UNAKULA?"

Kunguru waliruka kwenye mikoche. Mzungu mmoja aliangusha kitabu majini. Mdogo wetu akaanza kulia na mshikaki wake, anasema ni kaka, ni waraka wa kaka, na mama akawa anamtukana na kumbusu kwenye kioo, anamtukana na kumbusu, mara anamuuliza mbona amekonda, mara anasema akirudi Lindi atamchapa mbele ya mumewe. Alimtaja kaka na kamati yake. Alinitaja na mimi, kwa kirefu, na kwa mambo mengine ya tangu utotoni ambayo sikujua kwamba anayakumbuka. Nilitukanwa mbele ya watu wa mataifa mbalimbali, na naapa sijawahi kusikia kitu kitamu namna ile.

Meneja akaja ananyata, mkono kifuani. "Tafadhali mama yangu," akanong'ona, "kidogo tu, wageni wetu wanahitaji utulivu."

Mama akamgeukia. "Baba," akamwambia, bila hasira, lakini kwa sauti yake kamili, "mimi nimetoka eda juzi. Nilishanyamaza kwa niaba yenu wote."

Yule mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe alikuwa amesimama kando ya kiti chake. Hakuelewa hata neno moja, lakini alikuwa analia na kupiga makofi. Mama akampungia. "Si yeye!" akampigia kelele kwa furaha. "Yuko hai! Na wewe jipe moyo!"

Hatukulala tena pale. Nilirudisha ufunguo nikiwa na kiatu kimoja, cha pili wakanikimbilia nacho hadi kwenye gari. Sikumuuliza mama anataka kwenda wapi, kwa sababu mara hii nilijua. Ilikuwa Jumamosi, na mimi malalamiko siyasahau.

Hoteli iliyokataliwa ya Masoko ilikuwa na chumba kimoja kitupu, nacho kilikuwa upande wa nyuma, na mtu wa mapokezi alituomba radhi kabla hatujauliza. Nje ya dirisha moshi ulikuwa unapanda. Bwana harusi alikuwa wa pale Masoko, na watu wa bibi harusi walikuwa wameshuka kutoka Tingi na lori, na kuku, na ngoma zao. Mama alifungua dirisha, akatoa kichwa. Akanusa.

"Nani kaweka bizari sasa hivi?" akauliza watu asiowajua. "Mnaharakisha nini? Vitunguu havijaiva!"

Mwanamke mmoja mwenye mwiko akageuka, akauliza yeye ni nani na katokea wapi. Mama akasema Lindi, Mitwero. Yule akasema ana wifi yake Mitwero. Mama akauliza wifi gani, akatajiwa, akasema huyo si alikuja msibani kwangu! Akatoka mbio na kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani. Nililikuta buibui sakafuni. Kifurushi hakikufunguliwa.

Nilikaa dirishani na sahani ya pilau niliyopewa bila kulalamika. Nilimwona akizungushwa kutoka kwa mwanamke huyu hadi yule, kila mmoja anampa pole ya baba, anamlisha kitu, anamwambia habari. Wakati mmoja alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akalia kidogo na wanawake wawili ambao hakuwa amewahi kuwaona, halafu wote watatu wakacheka jambo, halafu akainuka kuangalia wali. Hapo nikaelewa kutembezwa ni kitu gani. Alitembezwa uani pale, na watu wa Tingi, nyuma ya hoteli.

Kaka akapiga. Alikuwa ameona kwenye kundi maneno ya mdogo wetu, ambayo sitayaandika hapa.

"Kelele gani hizo?" akauliza. "Mko wapi? Nimeidhinisha siku tatu za utulivu!"

Nikamwita mama, nikampa simu dirishani.

"Mwanangu," mama akamwambia kaka, mwiko mkononi, "usihuzunike. Hoteli yenu nzuri mno. Safi. Watu wake wana adabu. Siku nikifiwa tena na mume, nipelekeni pale pale." Akanirudishia simu, akaenda zake.

Dodoma kukawa kimya. Kilikuwa kimya cha kiwango cha juu, nami nilikifaidi huku nikitafuna. Kisha kaka akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma kifungu mara ya pili, "Afiwe tena na mume? Kwani anataka mume mwingine?"

Uani ngoma zilibadilika, bibi harusi alikuwa anatolewa, na juu ya ngoma, juu ya lori na kuku na watu wote wa Tingi, kikapanda kigelegele kimoja kirefu ambacho kilinifanya niweke sahani chini.

"Na hiyo nayo ni nini?" kaka akauliza.

"Ni mama," nikamwambia.